Sikwenda Berlin

Kabla kalamu yangu haijashika kasi, nina jambo la kukiri. Wale mliokuwa nami Kidato cha Pili mwaka jana mnakumbuka jinsi nilivyojigamba darasani wiki ya mwisho ya muhula wa pili. Nilisimama mbele ya ubao, chaki mkononi, nikachora ramani ya Ujerumani iliyofanana na kiazi kilichomenywa vibaya, nikatia alama ya msalaba na kutangaza, "Likizo hii, mimi hapa, Berlin!" Mkanipigia makofi. Wengine mkaniagiza vitu. Mmoja wenu alinisihi nimletee kipande cha ule Ukuta wa Berlin uliofunguliwa mwaka 1989, hata kikiwa kidogo kama kokoto, nami bila haya nikamwahidi.

Ukweli ni kwamba sikwenda Berlin. Berlin sikuiona hata kwa dirishani. Nilikwenda Halle.

Najua mnachouliza. Halle ndiyo wapi? Hata mimi nilimwuliza Baba swali hilo hilo. Shangazi, dadake Baba, ni muuguzi huko, na kwa miaka yote hiyo nyumbani tulizoea kuwaambia majirani kwamba "yuko Ujerumani", basi, yameisha. Jina la mji halikutajwa kwa kuwa halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Wavulana wa darasa letu wanaijua Munich, wanaijua Dortmund, hata Leipzig wanaijua, na yote ni kwa sababu ya mpira. Halle haimo. Nilipoitafuta katika atlasi ya maktaba niliona kitone kidogo upande wa mashariki, kimejibanza karibu na Leipzig kama kifaranga chini ya bawa la mamake. Nikaona aibu, nikaifunga atlasi. Nilijiambia kwamba nikiutaja mji huo darasani nitaulizwa maswali nisiyo na majibu yake. Berlin haiulizwi maswali.

Shangazi alikuwa amekuja nyumbani kumwona Nyanya, kwa hivyo tulirudi pamoja, mimi, yeye na bintiye wa miaka tisa. Sitawachosha na habari za ndege. Insha za safari ya ndege tumezisoma tangu darasa la sita. Tulishuka Frankfurt, tukapanda gari la moshi lililokwenda kasi hata ng'ombe wa mashambani walipita dirishani kama madoa, na baada ya saa tatu hivi tukawa Halle. Ilikuwa saa mbili za usiku, lakini jua lilikuwa bado linawaka juu ya paa za nyumba. Nilidhani saa ya stesheni imeharibika.

Shangazi anaishi ng'ambo ya Mto Saale, mahali panapoitwa Halle-Neustadt, yaani Halle mji mpya. Msifikirie majumba ya kifalme. Ni magorofa, magorofa, magorofa, yaliyojengwa kwa vipande vya zege vilivyotoka kiwandani vikiwa tayari, kuanzia mwaka 1964, wakati sehemu hiyo ya Ujerumani ilipokuwa nchi ya kikomunisti. Walijengewa wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Buna na Leuna. Shangazi aliniambia kwamba zamani mitaa ya huko haikuwa na majina. Nyumba zilikuwa na nambari tu, na mgeni aliyekosea tarakimu moja alijikuta anagonga mlango wa watu wasiomjua. Mitaa ilikuja kupewa majina baadaye, nchi mbili za Ujerumani zilipoungana mwaka 1990. Mimi nilisimama kwenye roshani ya ghorofa ya tano, nikatazama yale magorofa ya kijivu, nikawaza: sasa hii nitaipigaje picha niwatumie wale?

Maana jumbe zenu zilikuwa zimeshaanza kuingia katika rununu niliyoazimwa na Baba. "Berlin inasemaje?" "Tuma picha bana!" Asubuhi ya pili nikatoka nje, nikaipiga picha tramu iliyokuwa ikipita, nikaandika chini yake, "Asubuhi njema kutoka Berlin." Tramu ni lile gari la abiria linalotembea juu ya reli katikati ya barabara, na linaendeshwa kwa umeme. Berlin zipo na Halle zipo, kwa hivyo nilijifariji kwamba huo ni uongo nusu. Kumbe Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliusoma ule ujumbe juu ya bega langu. Hakusema kitu. Aliingia jikoni kupika ugali.

Ugali wenyewe ulikuwa wa manjano, kwa sababu unga alioupata dukani ulikuwa wa mahindi ya manjano yaliyosagwa ovyo ovyo kama mchanga. Tuliula na kabeji. Binamu yangu alikula wake kwa uma. Kiswahili chake kinachechemea, ati "kitabu yangu" na "viatu yangu", na nilipotaka kumrekebisha nikakumbuka kwamba hata sisi hapa shuleni husema hivyo hivyo mwalimu akiwa mbali.

Siku ya tatu Shangazi alinishangaza. Alikuwa ameninunulia tikiti ya kwenda Berlin Jumamosi, sisi watatu, kwenda na kurudi. Kutoka Halle ni mwendo wa saa moja na ushei tu kwa gari la moshi la kasi. Nilimrukia shingoni. Nilijiona nimekwisha okoka, uongo wangu ungegeuka kuwa kweli kwa siku moja. Lakini binadamu hupanga na Mungu hupangua. Ijumaa jioni simu ililia kutoka kazini kwake. Mwenzake aliugua, zamu ya usiku haikuwa na mtu. Shangazi alivaa viatu vyake vyeupe, akaniambia, "Mwanangu, nisamehe, tikiti hizi haziwezi kubadilishwa," akatoka.

Wasomaji, nilinuna. Nilinuna hata mashavu yakauma. Chakula alichotuachia sikukigusa. Jumamosi asubuhi saa moja Shangazi aliingia mlangoni, macho mekundu kama pilipili. Badala ya kwenda kulala, aliniosha kwa macho, akasema, "Vaa. Twende mjini tukale."

Tukapanda tramu. Ilikuwa imejaa nusu. Shangazi aliketi kando yangu, binamu dirishani, na kabla hatujavuka mto kichwa cha Shangazi kilikuwa kimeangukia begani mwangu. Alilala fofofo. Alikuwa ameushika mkono wangu na hata usingizini hakuuachilia. Nilimtazama mikono yake. Ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka kwa dawa ya kuoshea mikono, mistari mistari kama udongo wa kiangazi. Tulipita kituo cha sokoni. Binamu akaninong'oneza, "Dada, ni hapa." Nikamwekea kidole mdomoni. Tukaendelea hadi mwisho wa reli, kisha tukarudi na tramu ile ile, na yeye hakujua. Hapo ndipo kununa kulipokwisha, sijui kulikwenda wapi.

Tulipomwamsha tulishuka katika uwanja wa soko, na hapo ndipo nilipoiona Halle kwa mara ya kwanza. Nasema kwa mara ya kwanza, kwa maana siku zile mbili nilikuwa nikiitazama tu. Minara mitano imesimama pamoja kama vidole vya mkono. Minne ni ya Kanisa la Soko. Zamani palikuwa na makanisa mawili yaliyokaribiana. Katika karne ya 16 waliyabomoa lakini wakaibakiza minara ya yote mawili, wakajenga kanisa jipya katikati, kuanzia mwaka 1529. Mnara wa tano, unaoitwa Mnara Mwekundu, umesimama peke yake uwanjani na ndani yake mna kengele 76 zinazopigwa kama kinanda. Tulizisikia. Njiwa waliruka wote kwa pamoja, na mimi nilisimama mdomo wazi.

Katikati ya uwanja kuna sanamu ya mtu aliyevaa nywele za bandia, kasimama kwa madaha, mkono kiunoni. Huyo ni Händel. Ninyi wanakwaya mnamjua ingawa hamjui mnamjua. Ule wimbo wa "Haleluya" ambao kwaya zetu huuimba hata sauti ya nne ikapotea njia, yeye ndiye aliyeutunga. Alizaliwa Halle mwaka 1685 na akabatizwa katika kanisa lile la minara minne. Nilimwuliza Shangazi kwa nini basi sisi tulifundishwa kwamba alikuwa Mwingereza. Akacheka. "Aliondoka kijana, akaenda kutafuta kazi London, akazikwa huko huko. Hata huyo mkubwa wao alikuwa mhamiaji kama mimi."

Sasa chakula. Harufu ya soseji ilitujia toka kona ya soko, na tumbo langu lililogoma tangu jana likanguruma bila aibu. Wenyewe huiita Bratwurst. Huchomwa juu ya makaa, kama mutura yetu, lakini ndani mna nyama tupu iliyosagwa na viungo, haina damu. Kilichonichekesha ni mkate wake. Soseji ina urefu wa kama rula, na skonzi inayoishika ni ndogo kama ngumi ya mtoto, kwa hivyo soseji hutokeza pande zote mbili kama mtu aliyelala kwenye kitanda cha mtoto. Unaipaka haradali kali, unaanza kula mwisho mmoja, unasogea taratibu kuelekea mkate. Haradali ilinipanda puani, machozi yakanitoka. Moja iligharimu yuro tatu na nusu, zaidi ya shilingi 500 za kwetu, na nilipofanya hesabu hiyo kichwani nilikula hata chembe iliyodondoka kwenye karatasi.

Baada ya hapo Shangazi alisema anataka kunionyesha mahali fulani kabla hajaenda kulala. Tulipanda mtaa mdogo wa mawe hadi karibu na chuo kikuu. Kando ya njia, chini ya miti, kuna sanamu ya shaba ya Waafrika wawili, mwanamume na mwanamke, wamesimama bega kwa bega. Nilipigwa na butwaa. Mwafrika mwenye sanamu, hapa? Karibu yake kuna kibao, na Shangazi akanitafsiria.

Kibao kinamkumbuka Anton Wilhelm Amo. Alizaliwa yapata mwaka 1703 karibu na Axim, katika nchi ambayo leo ni Ghana. Akiwa mtoto mdogo alisafirishwa hadi Ulaya kwa meli ya Waholanzi, akatolewa kama zawadi kwa mtawala mmoja wa Kijerumani. Hebu fikirini, mtoto kutolewa zawadi kama kuku. Lakini katika nyumba ile alisomeshwa, na mwaka 1727 akaingia Chuo Kikuu cha Halle. Mwaka 1729 alitetea mbele ya walimu wake hoja kuhusu haki za watu weusi walioishi Ulaya. Baadaye alikwenda Wittenberg, akapata shahada ya juu ya falsafa, kisha akarudi Halle akawa mwalimu. Miaka hiyo, karibu miaka 300 iliyopita, vijana wa Kijerumani waliketi kwenye madawati na Mwafrika akasimama mbele yao akiwafundisha kwa Kilatini! Kitabu chake kimoja kilitoka Halle mwaka 1738.

Yote hayakuwa asali. Mwaka 1747 yalichapishwa mashairi ya kumdhihaki, na karibu na wakati huo aliacha kila kitu akarudi Axim, na huko Ghana ndiko aliko kaburini. Zile sanamu mbili si sura yake, kwani hakuna picha yake iliyobaki. Ziliwekwa mwaka 1965, na kibao chake kikaja baadaye. Mtu anaweza kusema hiyo ni dharau, kumkumbuka mtu mmoja kwa sura za watu wengine, na mimi pia nilisema hivyo hapo hapo. Shangazi akanyamaza kidogo.

"Nilipofika hapa," akasema, "miezi ya kwanza sikuwa na rafiki. Lugha ilinishinda. Kazini walinisemesha polepole na kwa sauti kubwa kama kwamba mimi ni kiziwi. Basi siku yangu ya mapumziko nilikuwa nabeba chakula changu kwenye mkebe, nakuja kukaa hapa, kwenye kile kiti. Sikujua kibao kimeandika nini. Nilitaka tu kula karibu na watu wanaofanana nami."

Nilitaka kusema kitu lakini sikuwa nacho. Nilitoa rununu nikawapiga picha, yeye na zile sanamu. Picha hiyo sikuituma kwa mtu. Ningeiandika nini chini yake?

Siku zilizofuata Shangazi alikuwa kazini, na binamu yangu wa miaka tisa akawa mwenyeji wangu. Tulichapa miguu kiguu na njia. Alinipeleka kwanza mahali panapoitwa Francke, na kama kuna mwalimu mkuu anayesoma ukurasa huu, naomba asikilize. Mchungaji mmoja, August Hermann Francke, alikuta pesa kidogo katika kisanduku cha sadaka mwaka 1695, akasema kwa hizi nitaanzisha shule ya watoto maskini. Akaanza. Wengine wakachanga. Mwaka 1698 wakaanza kujenga nyumba kubwa ya mayatima, na ikaendelea kukua ikawa mji mzima wa shule, maktaba, duka la dawa na kiwanda cha kuchapisha vitabu. Hiyo si Harambee, ni nini? Moja ya nyumba hizo ni ndefu zaidi ya mita 100, imejengwa kwa mihimili ya mbao, na katikati ya mihimili kuta zimejazwa na kukandikwa, jambo ambalo Nyanya yangu angelielewa upesi kuliko mhandisi. Wanafunzi wanasoma humo mpaka leo. Juu kabisa, chini ya paa, mna chumba cha vitu vya ajabu vilivyokusanywa kwa ajili ya kuwafundishia watoto wa zamani, na mamba mkavu ananing'inia darini. Binamu aliniuliza kama mamba wa Kenya ni wakubwa hivyo. Nikamwambia huyo ni mjusi tu. Mnaona? Tabia ya uongo ilikuwa bado haijaniisha.

Kwenye jumba la makumbusho tuliona sahani ya shaba yenye jua, mwezi na nyota za dhahabu, iliyotengenezwa miaka kama 3,600 iliyopita na kufukuliwa mwaka 1999 na wezi wa vitu vya kale. Ukumbi wake ni giza totoro, na watu hunong'ona kama wako kanisani. Juu ya mto tulivuka daraja linalolindwa na ng'ombe mkubwa wa mawe upande mmoja na farasi upande wa pili. Nilimpenda yule ng'ombe. Ni mara chache ng'ombe hupewa heshima ya sanamu, ilhali majemadari wanazo tele.

Lakini turudi kwenye kula, maana binamu yangu ni mtaalamu. Alinipeleka kwa mwoka mikate, nikala keki ya plamu. Agosti ndiyo majira yake. Plamu za zambarau hupangwa juu ya unga kama vigae vya paa, huokwa, hunyunyiziwa sukari, na ukikaa nje kuila basi nyigu wote wa Halle huja kukusalimu. Nilikula mkono mmoja ukipunga hewani. Nilikunywa supu ya Soljanka, nyekundu na chachu, ya vipande vya soseji na matango ya siki. Chakula hicho kilitoka Urusi, kikaenea mashariki mwa Ujerumani siku za ukomunisti, na hao waliokileta walipoondoka chenyewe kikakataa kuondoka. Nilinunua maji ya chupa nikayatema, yalikuwa na gesi kama soda isiyo na sukari. Binamu alicheka hadi akaketi chini. Kisha aliichukua ile chupa tupu, akaitia katika mashine dukani na kupewa kikaratasi cha senti 25. Nikamwambia kwetu wengi wangetajirika kwa mtindo huo.

Na chokoleti! Halle kuna kiwanda cha chokoleti kiitwacho Halloren, kilichoanza mwaka 1804, na Wajerumani husema ndicho kikongwe kuliko vyote nchini mwao. Jina hilo si la bure. Mji wenyewe ulitajirishwa na chumvi. Chini ya ardhi kuna maji ya chumvi, nao waliyateka visimani na kuyachemsha kwa kuni katika masufuria mapana hadi chumvi ikabaki, si kama sisi tunaoyaachia jua maji ya bahari kule Magarini. Wanaume waliofanya kazi hiyo ndio walioitwa Halloren. Walikuwa na chama chao na makoti yao ya sikukuu yenye vifungo vya fedha vya mviringo kama gololi, na zile chokoleti za mviringo zinazouzwa leo zimeigwa kutokana na vifungo hivyo. Kila ukimumunya moja unakula kifungo cha koti la mchemsha chumvi. Ndani mna malai laini, nusu nyeupe nusu kahawia. Lakini nilipokuwa nikimumunya nilikumbuka kitu mwalimu wa Jiografia alichotufundisha, kwamba kakao nyingi ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana. Nikawaza, kumbe kakao nayo imesafiri njia ile ile ya Amo.

Jumapili ya mwisho maduka yote yalikuwa yamefungwa, kama ilivyo desturi yao, na Shangazi alikuwa nyumbani. Nilimwomba anipeleke kula döner, ile nyama inayozungushwa wima mbele ya moto na kukatwa vipande vyembamba ndani ya mkate, iliyoletwa na Waturuki na kupendwa na kila Mjerumani. Alikubali, lakini akasema tupitie kwanza mtaa mwingine.

Tulifika mbele ya ukuta wa mawe, ndani yake sinagogi la Wayahudi. Hapo ndipo Shangazi aliponieleza habari ya tarehe 9 Oktoba 2019. Ilikuwa Yom Kippur, siku yao takatifu kuliko zote, na watu zaidi ya 50 walikuwa ndani wakiomba. Mtu mmoja mwenye chuki na bunduki alikuja kuwaua. Akaufyatulia risasi mlango wa mbao. Mlango ukakataa. Mlango tu, wasomaji, wa mbao, ndio uliosimama kati yao na kifo. Aliposhindwa alimpiga risasi mwanamke aliyekuwa akipita njiani, kisha akaenda kwenye duka la döner mtaa wa pili akamwua kijana wa miaka 20 aliyekuwa ameenda kula chakula cha mchana. Muuaji alifungwa maisha mwaka 2020. Mlango wenye matundu ya risasi ulitolewa, ukahifadhiwa kuwa kumbukumbu, na mahali pa lile duka pia sasa watu hukumbukwa.

"Siku hiyo tuliambiwa tusitoke nje," Shangazi akasema. "Huyu alikuwa na miaka mitatu, yuko chekechea, mimi niko kazini. Saa nyingi sijui habari zake. Nilikuwa nageuza wagonjwa kitandani huku mikono inatetemeka. Usiku ule nilifungasha sanduku. Nikasema narudi nyumbani."

"Na kwa nini hukurudi?"

"Kesho yake mzee mmoja wa ghorofa ya chini, ambaye hajawahi kunisalimia tangu nihamie, aligonga mlango. Alikuwa ameshika sahani ya keki ya plamu. Hakusema neno. Alinipa tu, akashuka ngazi." Akacheka kidogo. "Mpaka leo hajanisalimia vizuri. Lakini keki huleta kila mwaka."

Tulikwenda kula döner. Ilikuwa tamu, yenye mchuzi wa vitunguu saumu, na nikaila polepole. Mwenye duka alimpa binamu yangu juisi bure.

Nilirudi Kenya na makopo mawili ya chokoleti. Mlikula, mkanishukuru, mkasema Berlin ina mambo. Ni mmoja tu kati yenu, deskimeti wangu, aliyekigeuza kile kikopo akasoma maandishi ya chini, herufi kwa herufi. "Ha-lle," akasema. "Hii ni Berlin ya wapi?" Kwa mwaka mzima ameitunza siri hiyo, na mwalimu wetu wa chama alipotangaza kwamba anakusanya insha za jarida, ndiye aliyenikanyaga mguu chini ya dawati.

Siku ile aliponiuliza, darasa lilikuwa limetoka kwenda uwanjani. Nilimwambia aketi nimweleze yote tangu mwanzo. Nikaanzia kwenye tramu. Nilipofika kwa Amo alikuwa ameacha kutafuna, na kengele ikalia.